Damu ya Simba

Habari iliyowachangamsha siku hiyo ilitoka kwenye simu ya Phineas, fundi wa kuchomelea milango, ambaye wenzake walimwita Tochi. Aliisoma kwa sauti kwenye benchi la kibanda cha chai cha Selpha, pale mtaa wa West Indies, Eldoret: kwamba siku hizi mwanaume anaweza kujidunga kidole nyumbani, akatuma damu maabara Nairobi, akaambiwa kama homoni zake za kiume zimepungua na kama anahitaji kuongezewa.

Thuo alicheka mpaka benchi likatikisika. Alikuwa muuza hardware, na tangu Krismasi alikuwa akienda gym, shingo imenenepa kama ya fahali. Jina la Simba alijipa mwenyewe.

"Mwanaume anapimwa na kazi," alisema. "Ukiona mtu anatafuta uanaume wake kwa posta, jua ulipotea kitambo."

Wabuge, karani wa ghala la mahindi, alicheka nao, lakini kicheko hakikushuka chini ya koo. Miezi mingi sasa alikuwa akisinzia kwenye kiti kabla taarifa ya habari haijaisha. Mkewe, Musimbi, hakulalamika. Alikuwa ameanza tu kumfunika blanketi palepale, kama mtu anayefunika gari bovu lisinyeshewe. Hilo blanketi ndilo lililomuuma. Jioni ile aliagiza kipimo kimyakimya.

Kosa lake lilikuwa kuandika kibanda cha Selpha kuwa ndipo kifikishwe. Mtu wa bodaboda aliyekileta alisimama mbele ya benchi zima akasoma karatasi neno kwa neno: "Kipimo cha homoni za kiume. Wabuge ni nani?"

Siku hiyo chai ilipoa kwenye vikombe. Tochi alitaka kujua kama spea zinakuja pamoja na kipimo au zinaagizwa kando. Simba alipendekeza harambee. Selpha peke yake ndiye aliyeuliza lile la maana, kipimo chenyewe kinafanywaje, na aliposikia ni asubuhi kabla ya kula, akamwambia Wabuge aje mapema atamsaidia, maana wanaume huogopa sindano kuliko kaburi.

Kesho yake, saa kumi na mbili alfajiri, Wabuge alijidunga kidole cha kwanza na hakikutoa kitu. Baridi ya Eldoret ilikuwa imefukuza damu yote ikajificha kwenye mifupa. Cha pili kilitoa tone kama jicho la siafu. Selpha akampa kikombe cha chai ya moto akishike bila kunywa, mpaka mkono ukapata joto na matone yakaanza kuanguka kwenye kichupa. Tochi aliyahesabu kama refa wa ngumi. Simba alicheka hadi akafumba macho, kisha akashika paji la uso. Uso wake ulikuwa umeiva kama tofali.

Selpha alimuuliza kama kichwa kinauma. Alisema ni jua tu. Jua lilikuwa bado halijatoka.

Tochi alikuwa ameokota kile kijikaratasi cha maelezo ili kuendeleza kicheko. "Sikieni hii. Anayetumia dawa za kuongeza homoni lazima damu yake ipimwe mara kwa mara. Inaweza kuwa nzito kupita kiasi, igande. Tena zinaweza kumzuia mtu kupata mtoto."

Simba aliacha kucheka. "Nzito kama nini?"

Karatasi haikusema. Selpha alikisia uji wa wimbi. Simba aliacha chai nusu akaondoka.

Majibu ya Wabuge yalikuja baada ya siku nne: homoni zake zilikuwa sawa kabisa. Nesi aliyempigia simu aliuliza analala vipi. Kabla hajajibu, Musimbi aliinyakua simu akaeleza kwamba huyu mtu hukoroma kama posho mill ya kusaga mahindi, na wakati mwingine mashine huzima kabisa, pumzi zikakatika, yeye akabaki akisikiliza kama zitarudi. Nesi akasema aende hospitali Jumatatu bila kukosa. Ndipo Wabuge alipojua kwamba mkewe hakuwa amemchoka. Alikuwa akimlinda.

Jumamosi asubuhi mlango wao mtaani Kapsoya ulibishwa. Alikuwa Thuo, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Karani, mimi nimekuwa nikidungwa hizo homoni. Tangu Januari. Na jamaa mmoja, nyuma ya gym, kwa stoo."

Hakuna aliyempima damu kabla wala baada. Kichwa kilikuwa kikimgonga kila siku. Yeye na mkewe, Nyakio, walikuwa wametafuta mtoto miaka mitatu; alidhani sindano ingesaidia, na sasa karatasi inasema huenda ndiyo iliyofunga mlango. Nyakio hakujua lolote.

Wabuge alikuwa na utani wa wiki nzima wa kulipiza, uko tayari mdomoni. Aliumeza.

"Jumatatu mimi naenda hospitali na hii mambo ya kukoroma," alisema. "Twende pamoja. Lakini leo umwambie Nyakio."

Damu ya Thuo ilikutwa nzito kweli. Daktari alisimamisha sindano, akaamuru atolewe pakiti nzima ya damu ili ipungue uzito, na juu ya mtoto akasema matumaini yapo, ila ni miezi ya kungoja na kupimwa. Nyakio alikaa kando yake akimshikia kofia. Mwishowe aliomba tarehe ya kipimo kinachofuata iandikwe, akaiweka karatasi kwenye mkoba wake mwenyewe.

Pale kijiweni, walipouliza Simba yuko wapi, Wabuge alisema ameenda kutoa damu. Kwa hiyo Thuo aliporudi Alhamisi, Selpha alimwekea chapati mbili za bure, akamshukuru kwa niaba ya mama fulani wa leba atakayeokolewa na damu hiyo.

Thuo alizitazama chapati, akazisukuma kando.

"Mama, hiyo damu ilimwagwa. Haingesaidia mtu."

Akawaeleza yote, sindano, stoo na Nyakio, bila kupandisha sauti. Wabuge alisubiri Tochi alipuke kwa kicheko. Tochi alikuwa akitazama ndani ya kikombe chake.

"Huyo jamaa wa gym," aliuliza hatimaye, "ana jaketi ya kijani?"

Thuo akaitikia kwa kichwa.

Tochi aliweka kikombe chini polepole.

"Karani," alisema, "hiyo hospitali hufunguliwa saa ngapi?"