Sakafu: Imara

Leo nimeaibika, tena nikiwa peku.

Mnajua mwenye nyumba katupa hadi mwisho wa mwezi tumwachie vyumba vyake, mwanaye anaoa. Mwezi wa pili huu natafuta nyumba ya kununua. Nimechoka, jamani. Nimeona kuta zenye nyufa za kupitisha mkono. Nimeona choo kisicho na shimo! Basi tukasikia Bibi mmoja wa kule Kihanga anauza, anahamia kwa bintiye Muleba. Mume wangu akasema, "Nenda na fundi Deo."

"Fundi wa nini? Mimi mwalimu wa hesabu."

(Sentensi hiyo mtanisomea siku ya mazishi yangu.)

Nikaandika karatasi ya ukaguzi, mistari kumi na minne, nikapanda bodaboda.

Bibi kanipokea vizuri mno. Sebule nzima katandika nyasi mbichi, kama anavyotandikiwa mgeni wa heshima. Nikavua viatu. Akanipa kahawa ya kutafuna, akanionyesha kiti cha pembeni.

"Kaa hapa, mwanangu. Hapa ndipo pazuri."

Sikukaa sana. Nikagonga kuta. Nikachungulia dari. Nikafungua na kufunga kila dirisha, Bibi na majirani wawili wakinifuata. Ikabaki sakafu. Mwenye akili angeinua nyasi. Lakini unafunuaje nyasi ulizotandikiwa kwa heshima? Mama yangu angenilaani. Nikaweka alama ya vema: Sakafu, imara.

Ningeishia hapo! Lakini watu wananitazama, nami ni mwalimu. Nikasimama katikati ya sebule.

"Siku hizi hawajengi hivi!" Nikakanyaga kwa kishindo.

Mguu ukazama hadi gotini.

Kumbe mchwa walishamaliza udongo wote chini, saruji imebaki ganda. Nikapiga yowe. Bibi hata hakushtuka.

"Si nilikuambia ukae pembeni?"

Jirani mmoja akakimbia kutafuta msaada. Akarudi na nani? Fundi Deo, alikuwa anapiga lipu nyumba ya tatu! Akapiga magoti, akasogeza nyasi kwa kidole kimoja tu. Ufa ulianzia mlangoni ukaja hadi kwangu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," nikajibu, nusu yangu ikiwa ardhini.

"Ungeniita asubuhi."

Alinitoa kwa nyundo na patasi, majirani wakiwa wameshafika tisa (nilikuwa na muda wa kuhesabu). Bibi akaniuliza kwa upole kabisa, "Sasa mwanangu, hili shimo ni langu au lako?"

Nimerudi nyumbani nachechemea. Mume wangu ananichemshia maji ya kukanda goti. Afadhali angenigombeza.

Msinicheke, nawaomba. Mwisho wa mwezi uko palepale, kwa hiyo kesho narudi kwa Bibi, safari hii na Deo. Karatasi yangu ya ukaguzi yenyewe iliniponyoka, imebaki shimoni.