Ukuta wa Kuonja

Injinia alipata cheo hicho siku aliponunua kofia ya njano ya ujenzi. Chuo alichosomea ni kofia hiyohiyo. Asubuhi moja alipita mtaa wenye nyumba kumi na mbili za udongo, zote zikimomonyoka upande unaopigwa na mvua, na moyo wake ukachanua. Wengine wakiona ufa husikitika. Yeye huona mlango.

Mpango ulikuwa mwepesi: awauzie mbao za kufunikia kuta kwa nje, za bei nafuu na zisizoharibu mazingira, apokee malipo ya awali ya nyumba zote, kisha aende kuagiza mzigo. Kuagiza, katika lugha yake, maana yake ni kupanda basi na kutogeuka nyuma.

Aliambiwa aanze na mjane mshona nguo, kwa kuwa wanawake wote wa mtaa humsikiliza yeye. Alimkuta barazani, mguu kwenye cherehani.

"Shikamoo, mama. Kwa mbao zetu hakuna mti unaokatwa."

"Marahaba. Zinajiotea zenyewe?"

"Ni za zamani, mama, tunazipa maisha mapya. Hazina sumu, wala hazishiki kutu."

"Ubao ukishika kutu, baba, niletee huo. Nitauweka kabatini niwaonyeshe wageni."

Kisha akautazama ukuta. Marehemu mumewe aliukandika kwa mikono yake, na zilikuwa zimebaki wiki tatu msimu wa mvua uanze.

"Sokoni hata chungwa tunaonja," alisema. "Nionjeshe ukuta huu mmoja. Ukitukolea, nyumba zote tutalipa siku moja."

Chambo kimoja, samaki kumi na wawili. Mtaka cha mvunguni huinama, na Injinia aliinama hadi mgongo ukalia. Alinunua mbao kwenye ghala kuukuu lililokuwa likibomolewa, akazing'oa misumari, akaziranda, akaanza kazi. Wanawake wakaja na vigoda vyao kila siku.

"Mbona unaanzia chini, kaka?"

"Ubao wa juu uulalie wa chini, maji yateremke."

"Na fito hizo za nyuma?"

"Ukuta upate kupumua, dada."

"Mbao ulizipata wapi?"

Hakuwahi kusikilizwa hivyo maishani mwake. Alilewa. Akawatajia ghala, akawatajia mafuta ya kupaka, akaeleza hata alivyomshusha bei mwenye mali. Mwongo akipata wasikilizaji wazuri, hata ukweli humponyoka.

Siku ya saba ukuta uling'aa. Siku ya nane alikuja amenyoa ndevu, kitabu cha stakabadhi kwapani. Mtaa mzima ulikuwa ukigongwa nyundo. Mjane alikuwa juu ya ngazi kwa jirani yake, misumari mdomoni kama pini za kushonea.

"Mama, na yale malipo?"

Akaitema misumari kiganjani, taratibu.

"Tumelipa, mwanangu. Wote, siku moja, kama tulivyoahidiana. Tumemlipa mwenye ghala."

"Na mimi?"

"Wewe umetukolea mno. Nyumba ya mwisho wanatafuta kibarua wa kushika ngazi. Ujira upo, na chakula cha mchana."

Injinia alitazama njia iendayo kituo cha basi. Nauli yake yote ilikuwa imepigiliwa kwenye ukuta wa mjane, misumari minne kila ubao.

Akaenda kushika ngazi.