Maji ya Fromaji

Jumatatu, tarehe 7 Mei 2007
Mama Kavuo amefika na hasira yake. Yeye njo ananunua fromaji zetu, jibini za maziwa ya ng'ombe, hapa Burungu na kuzipeleka Goma. Leo hakugusa hata moja. Alifuata harufu. Maji meupe, yale yanabaki ukikamua fromaji, yanatoka mlangoni kwangu mpaka kijitoni. Chini yake wakimbizi wa kambi wanateka maji ya kunywa. Akasema Jumamosi anarudi. Akikuta kijito kingali cheupe, hanunui tena kwangu, atabaki na jirani yangu Epiphanie.

Epiphanie! Fromaji yake iko ngumu kama sabuni. Lakini maji yake anayanywa nguruwe wake, basi yeye ni mutakatifu.

Bila fromaji, Trésor wangu atakula nini? Baba yake Straton anachimba mawe Walikale. Tangu vita vifunge barabara, kimya.

Jumanne, tarehe 8
Nimechimba shimo. Akili hiyo! Nimemwaga yote humo. Nimeimba.

Mchana, mvua. Shimo likajaa, maji meupe yakashuka kijitoni yote kwa mara moja.

Adelaïde wa kambini akapanda na bidon yake ya maji. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliniuliza tu: “Dada, weye ungemupa Trésor maji haya?”

Nilimwambia nitafikiri. Kufikiri nini, mimi?

Alhamisi, tarehe 10
Salongo ya barabara, kazi ya kijiji kizima. Wote wameenda na majembe, Epiphanie pia. Mimi nilisema mutoto ana homa. (Trésor alikuwa anacheka mgongoni. Mungu atusamehe wawili.)

Nikaingia nyuma ya nyumba ya Epiphanie. Ndoo mbili za maji meupe katika sahani ya nguruwe. Alikunywa kama anayenishukuru. Kijito cheupe? Hapana. Safi kabisa!

Ijumaa, tarehe 11
Kumbe Epiphanie alikuwa amekwisha kumunywesha jana asubuhi. Nguruwe amelala, tumbo ngoma.

Epiphanie amekaa kando yake tangu asubuhi anamusugua. Nguruwe huyo njo pesa ya masomo ya binti yake. Akaniuliza kama jana niliona kitu. Nikasema labda ni majani. Alinishukuru! Mwaka jana tulipokimbia risasi, mikono ile ile ilimubeba Trésor mpaka Sake, maana mimi nilikuwa na miguu imevimba.

Jumamosi, tarehe 12
Nguruwe ameamka. Asante Mungu. Lakini kwa nini saa ile?

Mama Kavuo alikuwa ameinama kijitoni, anachota maji na kikombe ayaangalie. Nguruwe akavunja uzio, akateremka kama gari bila breki, akaingia majini hatua mbili tu juu ya pale alipoinama, na tumbo lake likafunguka. Sitaandika mengi. Wamama wa kambi waliona vyote.

Mama Kavuo akauliza nguruwe ni wa nani. Akasema basi, Epiphanie amekwisha, atanunua kwangu peke yangu. Kwangu! Nilisimama na soko lote mkononi. Epiphanie akaanza kulia bila sauti.

Nikasema ni mimi nilimunywesha.

Mama Kavuo akapangusa sketi. Amechukua fromaji za Epiphanie zote. Zangu zimebaki. Kwangu ametoa juma moja, la mwisho.

Epiphanie hakunitukana. Alisema tu: “Ungeniomba, dada. Tungenunua nguruwe wa pili.” Halafu akaenda kumuosha wake. Neno lile linanichoma kuliko tusi.

Jumapili, tarehe 13
Toka misa nimetembea na Trésor, moyo mzito. Nimelia, nimeomba, nimeahidi Bikira kwamba hakuna tena mutu wa kambi hii atakunywa uchafu wangu.

Na tazama, amenisikia! Nyuma ya kilima kuna kijito kingine. Kinashuka upande ule mwingine, mbali na kambi yetu, mbali na Mama Kavuo. Kesho naanza kumwaga ndoo zangu za maji meupe huko.

Nimeuliza nani wanakaa kule chini. Wanasema ni wakimbizi wapya, wamefika juzi bila kitu. Masikini. Nitawapelekea fromaji moja.