Herufi Tatu za Juu Kabisa

Likasi, Kambi ya Panda
18 Juni 1990

Kwa Citoyen Octave,
Gérant wa Cercle ya Wafanyakazi,
Panda.

Citoyen Gérant (au Bwana Gérant, kwa kuwa tangu Aprili tumeruhusiwa kuitana mabwana tena, na mimi sijajua bado wewe umechagua lipi),

Ninakuandikia kwa heshima yote na kwa kalamu, kwa sababu nikisimama mbele yako maneno yangu hurudi tumboni. Unanifahamu. Mimi ni yule kijana mrefu wa miwani, mjukuu wa Nkambo Georgette anayeuza karanga mlangoni pa klabu yako. Wewe huniita "Kilatini" kwa sababu ndicho ninachosoma shuleni, nami huitika.

Jana Jumapili ulinizimia mashine. Nitalifikia jambo hilo. Mwalimu wetu wa insha anafundisha kwamba mlalamikaji mwenye akili huanza na hoja ndogo na kupanda polepole, kama mtu anayepanda ngazi na ndoo ya maji kichwani. Kwa hiyo nitaanza na michezo yenyewe, yaani zile mashine tatu za video ambazo mhandisi Mbelgiji alituachia aliporudi kwao. Nimezicheza zote tangu zilipofika, kwa jetoni, zile sarafu za mashine, ninazopata kwa kufagia ukumbi wako, na sidhani kuna mtu mwingine hapa Likasi aliyezifikiria kwa kirefu kama mimi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Lori. Mashine iliyo karibu na mlango ina jina lililoandikwa kwa herufi ambazo hata Padri hakuweza kuzisoma, kwa hiyo sisi tunaiita Lori. Unaendesha lori jekundu lililojaa maboga, unaruka mashimo, unafika sokoni, kisha unaambiwa uanze tena kwa mwendo mkali zaidi. Rangi zake ni nzuri. Muziki wake unakaa kichwani mpaka kanisani. Niliwahi kuupiga kwa vidole kwenye benchi wakati wa mahubiri, na mama aliyekaa kando yangu akanikamata mkono na kuushikilia hadi komunyo. Lakini mchezo huu hauna ukweli. Sijasimamishwa kwenye kizuizi hata kimoja. Hakuna askari anayeomba karatasi, kisha karatasi nyingine ambayo haipo duniani, kisha anaulizia afya ya maboga yako kwa huruma mpaka umwachie moja. Mjomba Urbain, anayeendesha lori la mawe kule Kakontwe, alicheza mara moja tu. Alifika sokoni na maboga yote, akaachia usukani na kukataa kuendelea. "Hii ni bongo, uongo mutupu," alisema. "Dereva gani anafika na muzigo muzima?" Ninaipa sita juu ya kumi.

2. Mchimbaji. Huu ndio mchezo mzuri kuliko yote, na ndiyo sababu unaniumiza. Mtu mfupi mwenye taa kwenye paji la uso anashuka shimoni peke yake na kuchimba mawe ya kijani. Akichelewa kukimbia, mwamba unamwangukia, naye anakuwa bapa kama samaki wa kapenta aliyekaushwa. Siku moja baba yangu, Constantin, fundi wa pampu kule Shituru, alipitia Cercle akitoka kazini. Alisimama nyuma yangu mikono kifuani, akatazama muda mrefu.

"Huyu muntu iko na chef?" akauliza.

Nikasema hana msimamizi.

"Iko na casque?"

Nikasema hana kofia ya chuma, ana taa tu.

"Na pampu ya mayi iko wapi?"

Haipo.

"Na ile mawe yote anatosha mu shimo, inaenda wapi?"

Nikamweleza kwamba mawe hupotea, halafu huko juu kabisa zinaonekana namba. Baba akafikiri. "Aa," akasema. "Basi hapo ni kweli." Akaenda nyumbani.

Malalamiko yangu hayahusu mawe, yanahusu roho. Huyu mtu mfupi, asiye na chef wala kadi ya kazi, amepewa roho tatu, na akifanya vizuri anaongezewa ya nne. Baba yangu anaamshwa na king'ora tangu mimi sijazaliwa, na hajawahi kuchelewa. Ana roho moja tu, na hiyo moja ina kikohozi. Je, ni haki? Siombi makubwa. Ninaomba uwafikishie wakubwa wa Kampuni pendekezo kwamba kila mfanyakazi apewe roho tatu, zigawiwe mwisho wa mwezi pamoja na posho ya unga. Makada, wale wakubwa wa ofisini, wanaweza kupewa nne. Sina wivu. Ninaupa mchezo huu tisa juu ya kumi. Ile moja nimeizuia mpaka mtu yule avae kofia ya chuma.

3. Kuku. Mama kuku amelalia mayai, na nyoka wanakuja kutoka pande zote. Mimi huuona kuwa mchezo wa kitoto, lakini ni lazima niseme habari za Nkambo. Aliingia siku moja kunitafuta nimbebee beseni la karanga. Aliona nyoka. Akaliweka beseni juu ya mashine, akanisukuma kwa nyonga, akaanza kuvipiga vile vifungo kwa kiganja na kiwiko: "Toka! Toka, mwizi weye! Na weye wa kule, nakuona!" Hakuna nyoka aliyepata yai siku ile. Sasa anacheza kila jioni karanga zikiisha.

Nkambo hajui kusoma. Mashine inapomwomba herufi tatu za jina, yeye hubonyeza tu kama anayefukuza nzi, nayo inaandika AAA. Watu wote wa Cercle wanaamini kwamba AAA ni kada fulani kutoka Lubumbashi anayekuja kwa siri. Philippe, rafiki yangu wa darasani, anaapa kwamba amemwona, na kwamba alivaa tai. Nimenyamaza kwa sababu Nkambo anafurahia sana. Nilipomuuliza kwa nini mchezo hauna jogoo, alinijibu bila kuondoa macho kwenye nyoka: "Jogoo iko ku Cercle, anakunywa." Nane juu ya kumi.

4. Kilio changu. Hapa hoja inaanza kupanda. Katika michezo hii watu wanakufa hovyo, na hakuna anayewalilia. Sisi hatukuzoea hivyo, na madhara yake yamenipata mimi. Mwezi wa Mei nilikuwa ninacheza Mchimbaji, mwamba ukaniangukia, na Philippe akatoka mlangoni akipiga kelele: "Stanislas amekufa! Jiwe limemwangukia!" Mama Alphonsine, jirani yetu, alikuwa anapita na ndoo. Aliiacha ndoo barabarani.

Mimi nilikuwa nimebakiwa na roho mbili, kwa hiyo sikuharakisha. Nilipofika nyumbani viti vyote vilikuwa nje. Moto ulikuwa umewashwa uani, wanaume wameuzunguka, katekista amefika katikati ya rozari, na Mjomba Urbain ameshusha watu kumi kutoka lori la Kakontwe. Mama yangu aliniona, akanipiga kofi, halafu ndipo akalia. Nilidhani watu wataondoka. Lakini bukari ilikuwa imeshasongwa jikoni, na Mama Alphonsine alisema kilio kikishawashwa hakizimwi kama taa. Kwa hiyo kiliendelea hadi usiku, nami nikagawa maji ya kunawa katika kilio changu mwenyewe.

Nilisikia yote waliyosema juu yangu wale waliochelewa kufika, kabla hawajanitambua gizani. Walisema: "Alikuwa mutoto muzuri, lakini akikusalimia, anasalimia viatu vyako." Nimelifikiria sana neno hilo. Tangu siku ile ninajitahidi kufika angalau kwenye vifungo vya shati.

5. Orodha ya mabingwa. Sasa ninafika kwako, Bwana Gérant, usome taratibu. Kila mashine ina orodha ya majina, herufi tatu tatu. Kwenye Lori, juu kabisa, kuna OCT, pointi 50 000. Kwenye Mchimbaji, OCT, pointi 50 000. Kwenye Kuku, OCT, pointi 50 000. Umeme ukikatika majina yetu yote yanafutika. Umeme ukirudi, OCT amerudi kabla ya umeme.

Sisemi kwamba hujui kucheza. Nasema tu kwamba hakuna aliyewahi kukuona unacheza. Lakini wote tumekuona na ufunguo mdogo unaofungua mlango wa nyuma wa mashine, na Philippe aliona kwamba ndani yake kuna kifungo cha kuweka jina na namba. Tena ninakupongeza kwa ujasiri: OCT imesimama pale tangu mwaka wa themanini na nane, wakati jina la ubatizo lilikuwa haliruhusiwi kwenye karatasi yoyote. Mimi shuleni niliandikwa Kalenga Mwape tu. Stanislas lilikuwa jina la ndani ya nyumba. Nkambo ndiye aliyelichagua, na alikuwa akiliita kwa sauti ya chini, kama mtu anayeficha yai chini ya kitambaa.

6. Jana. Watu wote walikuwa chumba cha televisheni wakitazama Kombe la Dunia. Mimi nilikuwa na Mchimbaji. Sijui ni nini kilichonipata. Mawe ya kijani yalikuwa yananiita. Elfu arobaini, elfu arobaini na tano. Philippe aliacha mpira, akaja, akaanza kunipepea kwa kofia yake. Nkambo aliacha beseni. Nilipopita elfu hamsini, Nkambo alipiga vigelegele ingawa hajui namba, maana aliona uso wangu.

Ila mashine haikuombi jina mpaka ufe. Basi nilimpeleka yule mtu wangu mfupi chini ya mwamba mkubwa kuliko yote, kwa furaha, nikamwomba radhi. Akawa bapa. Kioo kikaniomba herufi tatu. Kwa mara ya kwanza nje ya nyumba yetu jina langu lingekaa juu kabisa! Niliweka S. Niliweka T. Kidole changu kilikuwa kinakwenda kwenye A, ambayo hata Nkambo huipata bila kutafuta, na kioo kikawa cheusi.

Nilichungulia nyuma ya mashine, nawe uligeuka na waya mkononi. "Kilatini," ulisema, "televisheni inataka courant."

Televisheni inapata umeme wake kwa waya wa jikoni, Bwana Gérant. Baba yangu ndiye aliyeufunga.

Ulipowasha tena, OCT alikuwepo, pointi 50 000, amepumzika vizuri.

Kwa sababu hizo zote, ninaomba hivi. Yule mchimbaji apewe kofia ya chuma, hata ya kuchorwa kwenye kioo kwa rangi ya kucha ya Mama Adrienne, mke wako. Orodha ya mabingwa ifunguliwe kwa vyama vingi, na asiwepo mtu wa kukaa juu zaidi ya mwezi mmoja bila kucheza mbele ya watu. Uitishwe Mkutano Mkuu wa Wachezaji wote wa Panda na Shituru, na Mjomba Urbain aje kueleza mambo ya barabara. Na hasa, ufunguo utoke katika mkono wa mtu mmoja. Nchi nzima sasa inazungumza habari hizi. Mashine tatu haziwezi kubaki nyuma. Ninapendekeza ufunguo ukae kwa Nkambo Georgette, kwa kuwa asiyejua kuandika jina lake hawezi kulipenda kupita kiasi.

Ukikataa, sitacheza tena maisha yangu yote, na nitarudi kwenye vitabu, ambavyo havina waya.

Unisalimie Mama Adrienne na watoto. Unisalimie wote wa meza ya karata, mlinzi wa lango, na yule kada wa Lubumbashi mwenye tai, ukikutana naye. Nkambo anakusalimu kwa karanga zilizofungwa hapa; zile zilizo chini ndizo zilizoiva vizuri.

Mimi katika kukuheshimu, macho yakiwa kwenye vifungo vyako vya shati,

Stanislas Kalenga Mwape,
mwanafunzi.

P.S. Nkambo ameingia sasa hivi kuichukua barua, na ameleta habari. Anasema kesho unasafiri kwenda Kolwezi kwa harusi ya dada yako, utakaa majuma mawili, na unatafuta kijana wa kukushikia ufunguo. Anasema ulisema: "Yule Kilatini anafaa, hasemi na muntu." Ninakubali. Siichani barua hii kwa sababu mwandiko umetoka vizuri na mwalimu atapenda kuuona, lakini tafadhali uichukulie kuwa ni zoezi la insha. Nimelifikiria upya jambo lote, kwa muda wa kutosha, tangu Nkambo alipovua viatu. Vyama vingi ni jambo jema, ila halifai kuharakishwa: wachezaji wetu hawajakomaa, na Philippe bado anashika usukani wa Lori kwa mikono miwili kama mtwangio. Kofia ya chuma ingeziba taa. Nkambo ni mzee, si vizuri kumtwika ufunguo, tena huyo AAA anapaswa kuangaliwa kwa karibu. Nitaweka STA kwenye mashine zote tatu, pointi 60 000, kwa kipindi cha mpito tu, mpaka wengine wawe tayari. Na kuhusu jana, Papa Octave, nisamehe. Nimeelewa sasa kwamba televisheni inataka courant nyingi sana, hasa mtu anapokaribia elfu sitini.