Habari za Benchi Lililozidi Ukuta

Umeangalia pembeni tena. Usikatae, nimekuona. Jana jioni, sahani ilipofika mkononi mwako, uliutazama mvuke, ukazitazama nyama kama zimegawanywa kwa haki, lakini aliyeileta sahani hukumtazama. Hukuuliza amekwenda kukaa wapi. Una macho makali ya kuona dhuluma za mbali, na ukiguswa kidogo unahutubia mpaka mate yakukauke. Ila dhuluma iliyosimama karibu na kijiko chako, imeegemea pipa la maji na bakuli mkononi, hiyo umeipa mgongo. Basi geuka. Sogeeni hapa nyote mliokaa kwa raha zenu, mtege masikio, kwa maana ninayoyasimulia yangeachiwa makarani wa wafalme yasingeandikwa kamwe.

Nawe Kumbukumbu, mama mkali usiyesamehe, uliyenitunzia kichwani kila tusi na kila ahadi iliyoota kutu, nijie unishike ulimi nisipunguze neno wala, Mungu apishe mbali, nisianze kuwa na adabu.

Ninamtangaza Shemeji, mke wa kaka yangu, fundi cherehani, Mtunga-Uzi-Kwa-Mara-Moja, Mtuliza-Pindo-Zilizoasi, ambaye gauni la bibi harusi likimbana mvaaji hulegea lenyewe kwa hofu likisikia hatua zake mlangoni. Ninatangaza jinsi alivyojenga benchi.

Kwanza ijueni nchi vilikotokea vita. Nchi hiyo ni jiko. Mlango upande huu, dirisha upande ule, na kati yao ukuta mmoja mrefu ambao mwishoni mwake, kama ngome ya sultani aliyekataa kuzikwa, limesimama kabati la mama yetu mzazi. Kabati hilo liliingia na mama siku alipoolewa. Tangu hapo serikali zimepita, sisi tumezaliwa, tumeota ndevu na nyingine zimeanza kuwa nyeupe, na kabati halijasogea hata upana wa kucha. Katikati ya nchi ilikuwa meza ndefu ya kukatia nguo, mchana ya kazi, jioni ya chakula. Meza tulikuwa nayo. Viti ndivyo vilivyotutoka, kimoja baada ya kingine, kama wazee wa ukoo mmoja. Kilibaki cha mama peke yake, na hakuna mwenye wazimu wa kukigombea. Kaka yangu alikalia kreti la soda, kidevu chake kikawa usawa wa meza, akala kama mtu anayeogelea. Binti yao, tunayemwita Kasuku kwa sababu zitakazojieleza, alikaa kizingitini na sahani mapajani. Mimi nilipewa ndoo iliyopinduliwa, na alama ya duara ya kitako chake niliibeba mwilini kama muhuri wa serikali. Shemeji alisimama. Aliegemea pipa, akala kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akakoroga chungu.

Sasa sikieni jinsi dunia isivyo na haya. Kazi ya kaka yangu, inayomweka mjini, ni kupanga viti katika ukumbi wa mikutano. Huvipanga safu kwa safu, akafumba jicho moja kuona kama vimenyooka, wakaja watu wazima wakavikalia na kuzungumzia maendeleo, kisha yeye akarudi nyumbani kukalia kreti. "Mama Kasuku, viti vinakuja," alikuwa akisema. Ahadi hizo ninazo zote. Zingekuwa mbao, tungeishi ghorofani. Wala si bure lugha yetu imemwita mkubwa mwenyekiti. Asiye na kiti ndiye anayepika.

Ikawa siku moja ya mapumziko, wakati wa chakula cha mchana, Kasuku akapiga kelele kutoka kizingitini aongezewe mchuzi. Kaka akauliza kutoka kretini amesema nini. Mama akajibu kwamba mvua itanyesha. Shemeji akaweka upawa chini, akatutazama mmoja mmoja kama jemadari anayekagua jeshi alilopewa bila kuulizwa.

"Hii familia inakula kama watu walioachwa na basi," alisema. "Kila mmoja na kituo chake. Natengeneza benchi."

"Benchi ni kazi ya seremala, mke wangu," alisema kaka.

"Na viti ni kazi ya nani?"

Kaka alizama kidogo ndani ya kreti.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na mbao za kitanda kikuukuu kilichovunjika na kusahauliwa. Huko ndiko Shemeji alikokwenda, futi yake ya kitambaa ikining'inia shingoni kama nishani, chaki sikioni, na sisi nyuma yake bila kujua kama tunakwenda kusaidia au kushuhudia msiba. Hapo, enyi wasikilizaji, ndipo lilipofanyika kosa ambalo seremala yeyote angekufa kabla ya kulifanya. Seremala hupima ukuta. Shemeji alipima watu. Mbele ya macho yake benchi lilikuwa vazi, ila ni vazi la kuvaliwa na wengi kwa pamoja, na vazi hupimwa mwilini.

"Mama, naomba nyonga," alimwambia mkwewe.

"Nyonga zangu zinakuhusu nini wewe?"

"Zikae vizuri jioni."

Mama akapimwa akitazama mbinguni, kwa heshima ya mtu anayepekuliwa mpakani. Kaka akapimwa. Kasuku akapimwa huku akirukaruka. Zamu yangu ilipofika nilibana kila kinachobanika.

"Baba mdogo, tumbo limeingia ndani," alisema Kasuku, "ila huko nyuma hakuna pa kuingia."

Na kila alipopima mtu, Shemeji aliacha nafasi ya mshono, huku kidogo na huku kidogo. Ndivyo mikono yake ilivyofunzwa, naye ana sheria moja anayoifuata kuliko katiba: nguo ikizidi inapunguzwa, ikipungua unahama mtaa.

Vita vikaanza. Alichora mbao kwa chaki. Akazipiga bandi kwa uzi mweupe kama nguo ya kujaribiwa, ubao kwa ubao, ili aone zitakavyokaa kabla ya kupigilia, na mama akiwa dirishani akauliza kama benchi litafuliwa pia. Msumeno wa kuazima, mzee aliyebakiwa na meno ya mbele tu, ulilia, ukakwama, ukatukanwa, ukaendelea. Misumari iliyopinda ilinyooshwa juu ya jiwe, mmoja mmoja, kama walevi wanaorudishwa kazini. Kaka, Mshika-Ubao, alishika ubao kwa ushujaa usio na mfano mpaka nyundo ilipopita kumsalimia kidole gumba. Akakinyonya kidole akasema hakuumia, akaenda nyuma ya mti kutoumia vizuri zaidi. Mimi nilipewa msasa, nikasugua mpaka viganja vikang'aa kuliko mbao. Unga wa mbao uliingia kwenye chai, tukaunywa. Kasuku aliimba. Nawaambia kweli, na mimi si mtu wa kusifu hovyo: sikumbuki lini tena watu wa nyumba ile walikaa mahali pamoja muda mrefu hivyo bila mmoja kutafuta kisingizio cha kuondoka.

Jua lilipoanza kulegea benchi lilisimama kwa miguu yake. Tukalibeba kama jeneza la adui. Tukaliingiza, tukalisukuma kando ya ukuta mpaka likaligonga kabati la mama. Tukatazama nyuma. Ncha ya pili ilikuwa imetokeza mlangoni, na mlango haufungiki.

Kisha kaka akakohoa.

"Si ukunje upindo?"

Shemeji alimtazama kwa namna ambayo, ingekuwa pasi, ingemchoma.

"Niliacha nafasi ya mshono," alisema polepole, kwa kuwa naye ndiyo kwanza alikuwa anajisikia.

"Kwani mbao inashonwa?"

"Mikono imezoea. Nifanyeje?"

Ndipo kaka akauinua msumeno, akavimba, kwa kuwa mwanamume aliyeumia kidole hutafuta mahali pa kukilipizia. "Enyi wa nyumba hii," alisema, na sauti ilikuwa ile aliyoiokota kwa wahutubiaji wa ukumbini, "kuna wakati wa kujenga na kuna wakati wa kupunguza. Mlango ni lazima ufungwe. Ninakata ncha hii, na mtanishukuru."

"Au tusogeze kabati," nilisema.

Mama aliondoka kwenye kiti chake akasimama mbele ya kabati, mikono nyuma, mgongo umeshikana na mbao.

"Kabati halisogei," alisema. "Baba yenu aliniomba alisogeze apake chokaa. Nilimwambia apake kulizunguka, naye akapaka kulizunguka. Mmezaliwa limesimama hapa. Kata hilo benchi."

Kaka akaweka meno ya msumeno juu ya ubao. Ila Kasuku alikwisha kupanda benchini na chaki ya mama yake, anagawa nchi.

"Subiri, baba, nikuoneshe pa kukata. Hapa bibi." Akachora mstari. "Hapa baba. Hapa baba mdogo, anaendelea, bado anaendelea, haya. Hapa mimi. Hiki cha mwisho ndicho kimezidi." Akakichora pia. Halafu akatulia, jambo ambalo kwa Kasuku ni kama jua kupatwa. "Mama anakaa wapi?"

Tuliitazama mistari. Tukaihesabu kwa macho, tukarudia, kila mtu akitumaini mwenzake ndiye aliyekosea. Futi ile ilikuwa imezunguka nyonga za nyumba nzima na haikumzunguka mwenye futi.

"Mimi si huwa nasimama," alisema Shemeji. Hakulalamika. Alisema kama mtu anayetaja mtaa anaokaa.

Kasuku akamshika mkono, akamvuta, akamkalisha kwenye kile kipande kilichozidi. Kila nafasi ya mshono aliyotuachia sisi, huku kidogo na huku kidogo, ilipokusanyika upande mmoja ilimtosha yeye barabara, bila kubana, bila kupwaya. Na msumeno wa mumewe ulikuwa umelala juu ya ubao huo huo, kando ya paja lake.

Kaka aliuondoa. Aliuficha nyuma yake, asijue pa kuupeleka.

Nilimtazama mama, kwa kuwa hapo palikuwa na mtu mmoja tu mwenye amri. Alikuwa bado ameegemea kabati lake. Macho yake yalikuwa kwenye pipa la maji.

"Hapo penye pipa palikuwa pangu," alisema. "Kabla yako. Nimekula nimesimama hapo mpaka nikawa mjane, ndipo nikapata kiti. Baba yenu alidhani napenda." Akapangusa kitu kwenye mlango wa kabati ambacho hakikuwepo. "Sogezeni."

"Mama?" alisema kaka.

"Wewe una masikio ya kuazima? Nimesema sogezeni. Na anayevunja sahani yangu asilale humu."

Ni nani atakayeieleza kazi ile? Tuliinama watu watatu, kaka, Shemeji na mimi, tukatia bega. Kabati liliguna kama ngamia aliyeamshwa. Vikombe ndani yake vilitetemeka, vikashikana, vikaamini mwisho wa dunia umefika. Likakataa, likafikiri, likasogea. Na palipokuwa ngome pakabaki ukuta wenye chokaa ya tangu kabla hatujazaliwa, na chini yake kiatu cha mtoto, mwiko, kifungo, na chujio la chai.

Nililiokota chujio. Nililiinua juu ili nyumba yote ilione.

"Nilichapwa kwa ajili ya chujio hili," nilisema. "Nilichapwa nikasema sikulichukua, nikaongezwa kwa kusema."

Mama alilitazama kwa makini, upande huu na upande ule.

"Lilikuwa jingine," alisema.

Tukalisukuma benchi likaenda mpaka mwisho. Mlango ukafungwa. Tukaivuta meza, tukakaa kwa safu, bega kwa bega, hata mama, ambaye aliacha kiti chake kitupu na kusema anajaribu tu. Shemeji alikaa mwisho, kwenye kipande chake, akilitazama jiko kama askari aliyeacha lango. Chakula kilipopakuliwa, kaka akaonja maharage akasema hayana chumvi, na Shemeji akainuka kabla mumewe hajamaliza kumeza. Mama akainuka kutoka ncha ya pili, akaja kumwekea mkono begani.

"Kaa. Mwenye ulimi uliotaka chumvi ana miguu."

Kaka akaondoka kwenda nchi za ugenini. Tulimsikia akifungua, akifunga, akinusa.

"Iko wapi?"

"Jikoni," alisema mama.

"Si niko jikoni."

"Basi umekaribia."

Akarudi mshindi, akanyunyiza kwenye chungu kwa mkono wa ukarimu. Ilikuwa sukari. Tuliyala maharage yale mpaka yakaisha, kwa kuwa historia hairudishwi chunguni, na Shemeji alicheka akiwa na chakula mdomoni hadi mchuzi ukamdondokea mapajani. Akautazama kwa mshangao. Mtu anayekula amesimama hana mapaja. Hayapo mpaka akae. Kasuku, bila kujali mchuzi, akalaza kichwa hapo hapo, akanyamaza kwa mara ya pili siku ile.

Basi na ijulikane kwa vizazi na vizazi, na wenye makumbusho watenge chumba: jioni ile, katika jiko lisilo na mlinzi wala bendera, mwanamke alikula akiwa amekaa. Falme zimeanzishwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo, na zimeanguka kwa kukosa hiyo.

Haya, wewe. Bado uko hapo, umeegemea, unatabasamu kwamba watu wa nyumba ile walikuwa vipofu. Yuko wapi wa kwako? Usiniambie amezoea. Usiniambie viti vinakuja. Anasimama sasa hivi, unaposoma neno hili, na bakuli lake linapoa. Inuka. Usitafute mbao, usiite kikao, usingoje siku ya mapumziko. Chukua kiti ulichokalia, kingali na joto, umpelekee.