Asali ya Baba na Neno Refu la Kiingereza

Jumapili, 3 Desemba 2006. Laurel, Marekani.
Baada ya misa Leokadia alisema tangu aondoke Tabora hajaonja asali yenye harufu ya moshi. Nesi, mrembo, mtu wa kwetu, na anatamani kitu nilicho nacho kabatini! Nusu chupa, asali aliyoirina marehemu baba mwaka wake wa mwisho. Kabla sijafungua mdomo, Gichuki akadakia: kwenye sherehe ya Uhuru kule Bladensburg ataleta asali ya Kitui, chupa kumi. Huyu Mkenya ana kidomodomo! Nikasema mimi nitaleta ishirini.

Jumanne, 5 Desemba.
Chupa ishirini kutoka nusu chupa. Nimenunua sirapu ya dukani, madumu mawili. Nilipofungua chupa ya baba, jiko zima likanuka kijijini kwetu Sikonge. Nikamwona mzee akishuka mtini, macho mekundu kwa moshi, ananipa sega mimi kabla ya wengine. Nikakaa sakafuni. Nimemkumbuka sana. Kisha nikaimimina yote kwenye sufuria, nikakoroga.

Ijumaa, 8 Desemba.
Gichuki kanionyesha chupa zake. Zimeandikwa PURE, yaani safi. Herufi nne tu, hata sabuni inalo neno hilo! Nikaenda maktaba kutafuta kubwa zaidi. Nimelipata: UNADULTERATED. Safi, isiyochanganywa na kitu. Ila hiyo "un" ya mbele sikuipenda. Unhappy, hana furaha. Unlucky, hana bahati. Mkosi mtupu! Nimeikata kwa mkasi kwenye lebo zote. ADULTERATED HONEY. Imependeza mno.

Jumamosi, 9 Desemba.
Aibu! Gichuki alisoma lebo, akacheka mpaka akashika meza.
"Jameni, kujeni muone! Fidelis ameandika mwenyewe hii asali ni ya kuchanganywa!"
Ukumbi mzima ukaja kuona. Hakuna aliyeigusa. Leokadia peke yake alifungua chupa, akachovya kidole, akafumba macho. Akasema moshi upo, ila kwa mbali sana. Akauliza nani aliirina. Nikamwambia ni baba. Akauliza kama ile yenyewe imebaki. Haikubaki hata tone.
"Ungenipa kijiko kimoja tu, kaka Fidelis," alisema. "Kingetosha."
Nimelia kwenye basi mpaka Laurel. Sijui nilimlilia nani zaidi, yeye au baba.

Jumapili, 10 Desemba.
Leokadia kapiga simu! Ana huruma huyu dada. Anauliza kama mama yangu kule Sikonge anaweza kumpa samli shemeji wa Leokadia anayekuja huku kabla ya Krismasi. Kichupa kidogo, cha sisi wawili tu, nisimwambie mtu. Nimeapa safari hii sikosei.
Nimeshamwalika Gichuki aje aone. Kichupa kimoja nikikichanganya na mafuta ya kupikia natoa vinane. Na kosa langu nimelijua: ile "un" sikupaswa kuikata. Kumbe ndiyo inayosafisha! Samli haijafika, lebo ziko tayari, herufi kubwa za dhahabu: UNPURE.