Barua Saba za Kanisa la Kibugu

Jumanne, 9 Juni 1998
Bwana Njura, mkuu wetu hapa Embu, ametangaza nafasi. Shirika letu la misaada linataka msimamizi wa wanafunzi wakimbizi. Tunaofaa ni wawili: mimi na Jedidah wa taipu. Jedidah hupiga taipu na kunyamaza. Mimi nina mawazo. Nimempigia mama huko Gakoromone, kwa simu ya dukani, nikamwambia kazi nimeshapata. Kungoja ni kukosa imani.

Kuna jambo moja. Wanafunzi wetu saba kutoka Sudan hulipiwa karo na akina mama wa kanisa la Kibugu. Mwaka huu chai haijalipa, na akina mama wanafikiria kuacha. Jumapili barua za shukrani zitasomwa kanisani. Zisipowagusa, watoto wanarudi kambini kabla ya kidato cha nne. Bwana Njura amenikabidhi barua hizo.

Jumatano, 10 Juni
Nimefika shuleni, karibu na Kianjokoma. Barua walizoandika hazina ladha. Achol, msichana mrefu kuliko mwalimu wake, ameandika kwamba sketi aliyoshonewa mwaka jana imekuwa fupi na mwalimu wa zamu humtoa kwenye paredi ya asubuhi. Halafu anauliza kama yule ng'ombe mgonjwa waliyemwona walipomtembelea Mama Wambeti, mwenyekiti wa akina mama, aliamka. Tunaomba karo, yeye anauliza habari za ng'ombe!

Nimeandika barua nzuri ubaoni, na wote wakainakili. "Mama zangu, kila nikilala nawaona mkibeba vikapu vya chai, na mto wangu unalowa machozi." Achol akasema hana mto. Nimemwambia anakili tu.

Ijumaa, 12 Juni
Jedidah ametia barua kwenye bahasha. Ameniuliza kama nimezisoma zote. Nimemjibu nimezitunga mwenyewe, nisome nini tena? Akauliza ile ya kwanza ya Achol iko wapi. Nimesema kwenye pipa la taka. Akainama akaitoa. Huyo hajui kazi.

Jumapili, 14 Juni
Kibugu. Kanisa limejaa. Mzee Kithaka, katibu wa kanisa, ndiye msomaji. Barua ya kwanza, akina mama wakapangusa macho. Nilijipongeza. Ya pili, wakatazamana. Ya tatu, mtoto wa mbele akamalizia ule mstari wa mto. Ya nne, kanisa zima likaisema pamoja, kama Baba Yetu. Baada ya ya tano Mzee Kithaka akauliza ni wimbo namba gani.

Mama Wambeti akasimama. Akasema machozi hayo ni ya mtu mmoja, na yeye hachumi chai kwa baridi ili adanganywe. Niliona watoto saba kwenye lori la kurudi kambini, na mimi ndiye niliyewapakia.

Ndipo Jedidah akaomba asome moja zaidi. Akasoma ya sketi na ng'ombe, na karatasi ilikuwa bado na doa la chai ya pipani. Mama Wambeti akasema, polepole, kwamba yule ng'ombe alikufa mwezi wa nne, na nje ya boma lake hakuna mtu aliyewahi kumwulizia. Akakaa. Mama wa nyuma akauliza huyo mtoto ana urefu gani. Jedidah akawaonyesha kwenye mwimo wa mlango. Kufikia saa nane walikuwa wamekubali: sketi mpya, na wote saba watalipiwa mpaka wamalize. Nililia kweli, na leso sikuwa nayo.

Jumatatu, 15 Juni
Kazi amepewa Jedidah. Saa nne gunia la viazi likafika kutoka kwa mama, limeandikwa "Kwa Msimamizi wa Wanafunzi". Mlinzi akalipeleka moja kwa moja mezani kwa Jedidah. Amenigawia beseni moja. Nimesema asante, kwa shida.

Jumatano, 17 Juni
Nimefikiri sana. Kosa langu lilikuwa moja tu: nilichagua barua mbaya. Leo nimerudi shuleni na ile ya Achol, nimeiandika ubaoni yote, na wanafunzi wote saba wameinakili kwa ajili ya muhula ujao. Sketi fupi, paredi, ng'ombe, kila kitu. Jedidah ameniuliza kama nakumbuka kwamba wanne kati yao ni wavulana. Nimemwambia wivu si kitu kizuri.